Roshani, Miezi Minne na Siku Kumi

Mwezi uliopita, kwenye hitima ya ndugu yangu Hemedi, nilisikia uongo ukisemwa chini ya miguu yangu. Nilikuwa nimeketi pale ninapoketi sikuzote nikienda nyumba ile, juu kwenye roshani, mgongo wangu kwenye nguzo, na wanaume walikuwa barazani wakinywa kahawa. Maneno ya mtu aliye barazani hupanda moja kwa moja hadi kwetu juu. Wanaume wa Mji wa Kale hawajalijua hilo mpaka leo, na mimi siwaambii. Fadhili, mjukuu wa marehemu Ami Salim, alikuwa akimwonyesha mgeni wake nyumba. "Roshani hii ilikuwa imeoza," akasema. "Wanawake waliiacha ikaharibika. Babu yangu ndiye aliyeitengeneza." Mgeni akasema mashaallah. Mwamba ngoma huvutia kwake, nalijua hilo, na mtu akimsifu babu yake si dhambi. Lakini damu ilinipanda kichwani. Nakaribia miaka sabini. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, na sasa nimemzika ndugu, na katika maisha yangu nimenyamazia mengi kwa sababu niliambiwa mwanamke mwenye adabu hunyamaza. Hili sikulinyamazia, wala leo sitalinyamazia.

Mwaka roshani ile ilipotengenezwa nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilikuwa utawani, yaani sitoki nje wala sionwi na mwanamume asiye maharimu wangu. Mabuibui ndiyo kwanza yanazoeleka mjini, na vigari vya Wazungu vya kusukumwa kwenye reli nyembamba vilikuwa bado vikipita na kelele zao. Vigari hivyo nilivijua kwa sababu ya roshani tu. Ilikuwa imetokeza nje ya chumba cha juu, sakafu yake mbao nane za msaji zilizolazwa juu ya boriti, na kuta zake za mbao zenye matundu, wewe wamwona aliye njiani na yeye hakuoni. Chumba chenyewe kilikuwa na vidirisha viwili vya juu, vyembamba, ambavyo paka hangepita. Ukiiondoa roshani hakibaki chumba, labaki kasha. Mama alinywa kahawa yake ya asubuhi pale tangu siku aliyoletwa nyumba ile, na mahamri yake na mbaazi alikula pale, na vyungu vyake vya mrehani na asumini alivipanga pale, kumi na kimoja, akivimwagia maji asubuhi na jioni.

Baba alipofariki, Mama akaingia edani: miezi minne na siku kumi, kama sheria inavyotaka. Nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna asumini kichwani, hakuna udi wala ubani chumbani mwake, na nje hatoki. Siku ya tatu ya matanga, ndugu yake Baba, Ami Salim, alipanda juu, Mama akajificha nyuma ya pazia, nami nikawa naye, akatoka roshanini ili awaite wenye masinia ya wali waliokuwa njiani. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa heshima. Akakanyaga ubao wa tatu, na mguu wa kulia ukapita ubaoni hadi gotini. Kubadhi lake likaanguka njiani mbele ya watu waliokuja kuhani. Mguu wa Ami Salim ukawa waning'inia juu ya vichwa vya watu wazima wa mji, hauna kiatu, na yeye hawezi kuutoa. Hakuna aliyecheka. Nadhani wangalicheka angalisamehe.

Alipoutoa mguu wake, umechubuka, alisimama mbele ya pazia akasema, "Shemeji, la kuvunda halina ubani. Roshani imekwisha. Sitaki kumsumbua mtu aliye edani, kwa hivyo nangoja. Siku utakayotoka, fundi yuaja kuiangusha yote, na mlango tutauziba kwa mawe na chokaa." Mama aliangalia mlango wa roshani tu, namna mtu anavyomtazama mgonjwa aliyeambiwa hatapona. Mume amekwenda, na sasa atafungiwa jua, na maisha yake yote yaliyobaki ni ndani ya chumba hicho. Nyumba ilikuwa urithi, na Ami ndiye mwangalizi wake mpaka Hemedi, aliyekuwa bado ananyonya, awe mtu mzima. Nani angemwambia asivunje?

Nilimwambia mimi, lakini si kwa mdomo. Aliyenifundisha ni Bi Mishi, bibi wa Kidigo kutoka upande wa Likoni, aliyekuja kukaa na Mama eda yake yote. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kuunda majahazi, na Bi Mishi alijua mbao kuliko wanaume wengi, ingawa hakuna aliyemwuliza. Asubuhi moja baada ya uji alichukua kisu cha jikoni, akapiga magoti roshanini, akaanza kuchoma mbao moja baada ya nyingine.

"Kisu kikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, ubao umekufa," akaniambia. "Kikikataa, u hai. Vyungu hivi kaviweka nani?"

"Mimi," akasema Mama kutoka chumbani.

"Basi ni wewe uliyeuozesha, mwanangu, si uzee. Chungu chamwagiwa maji, maji yatoka chini, ubao haukauki mwaka hata mwaka. Jahazi lakaa kwenye maji ya chumvi miaka arubaini lisipatwe na neno. Liachie maji ya mvua tumboni msimu mmoja tu, uone."

Katika mbao nane, saba zilikuwa hai. Zilikuwa nyeusi, zina ukungu na matope ya miaka kwenye nyufa zake, lakini hai. Iliyokufa ni moja tu, ile ya tatu. Moja. Na kwa hiyo moja tungezibiwa mlango. Nikamwuliza Bi Mishi kama roshani yaweza kutengenezwa kabla eda haijaisha. Akanitazama mikono, akaigeuza, akasema hajui kama mikono hii imewahi kushika kitu kizito kuliko sinia. Nikamwambia anipe kazi aone.

Shida ya kwanza ilikuwa nitafanyaje kazi nisionwe. Ndani ya kuta zile za matundu mtu akikaa kimya haonekani, lakini kuziosha kwa nje ni kupitisha mikono na kichwa juu ya njia, na mwari hafanyi hivyo. Mama ndiye aliyekumbuka shiraa. Wasichana wa leo hawaijui. Kabla ya buibui, mwanamke wa heshima alitembea njiani ndani ya kitambaa kikubwa kama hema, wajakazi wameshika pembe zake, na ya nyanya yangu ilikuwa bado imekunjwa ndani ya kasha la Mama. Tuliifunga kwa kamba kwenye boriti za juu, ikashuka kama tanga nje ya roshani pande zote tatu, na mimi nikaingia ndani yake na ndoo yangu. Mchana kweupe, juu ya vichwa vya watu, na hakuna aliyeniona hata kidole. Walichosikia ni kusugua tu. Muuza kahawa alikuwa akipita akigonga vikombe vyake na kuuliza, "Enyi wa juu, mwang'oa nanga lini?" Bi Mishi akamjibu kuwa twangoja abiria wenye akili, yeye abaki.

Nilisugua kwa makumbi ya nazi na mchanga mweupe, na palipokuwa na madoa, kwa ndimu. Nilitoa matope ya nyufani kwa kijiti, ufa mmoja hunichukua asubuhi nzima, maana Bi Mishi alisema ubao huvuta pumzi kwenye ufa na sisi tulikuwa tumeuziba pua. "Fuata ubao uendako," alikuwa akinipigia kelele nikisugua kwa kukata. Halafu majani ya msasa, makavu, yanakwaruza kama ulimi wa paka. Jamaa zake walituletea tita zima kutoka bara. Kucha zangu zilikatika zote. Usiku nilikula wali na mchuzi kwa kijiko, kwa sababu ndimu na pilipili viliniwasha vidonda. Lakini mbao zilianza kutoa rangi yake, rangi ya asali, na Mama alikuwa akija mlangoni kuzitazama, kisha arudi kitandani.

Sasa nasema kosa langu, maana nikisema uongo wa Fadhili lazima niseme na upumbavu wangu. Bi Mishi aliitwa Likoni, binti yake amejifungua. Aliacha debe la sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka majahazi, na akaniambia, "Siku saba za jua, ubao ukauke mpaka moyoni. Usiguse debe mpaka nirudi." Siku ya nne, nikiwa ndani ya shiraa, nilimsikia Ami Salim barazani akiwaambia wenzake, "Wanawake wanachezea mbao huko juu. Wanapaka na kuosha. Nawaacha wajifariji." Nawaacha wajifariji! Nilifungua debe saa ile ile. Nilipaka mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa hasira, mpaka debe likabaki karibu tupu.

Mtu asiyejua sifa hawezi kuelezwa. Ni papa aliyekaa juani, kisha akakaa tena. Ndani ya shiraa harufu haikuwa na pa kwenda, ikaingia chumbani, ikashuka ngazi, ikaingia kwenye mkate, kwenye uji, kwenye nguo za Hemedi. Nyumba nyingine yoyote ya mji huu wangechoma udi mpaka ukuta ufuke. Sisi tulikuwa na mjane. Hatukuweza kuchoma hata chembe ya ubani, wala kumwaga tone la maji ya waridi, kwa eda ya miezi mingine miwili. Muuza kahawa alihama akauzia kona ya pili. Watu walikwenda msikitini kwa kuzunguka. Jirani yetu alituma mjakazi kuuliza, kwa adabu, kama kuna kitu kimekufa. Siku hiyo tulikuwa na samaki wa kupaka. Mama alimega tonge, akaliinua, akalinusa, akalirudisha sahanini.

"Maimuna," akasema, "leo tumepikiwa papa, au sisi ndio tumepikwa?"

Na akacheka. Tangu Baba azikwe sikuwa nimemwona hata meno. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakawa ya kweli, halafu akacheka tena, na mimi nikalia naye nisijue nalilia nini. Nilimwambia anisamehe. Akaniambia, "Wanukia kazi. Kula."

Bi Mishi aliporudi alisimama mlangoni, akanusa, akaweka furushi lake chini. Mbao zilikuwa zinanata, na chini ya mafuta kulikuwa na madoa meupe ya ukungu. "Umeyafungia maji ndani," akasema. "Umekomea mlango na mwizi yumo." Hakunipiga wala hakunitukana, na ingekuwa afadhali. Ilinibidi kukwangua yote kwa kisu, maji ya moto na majivu, kisha msasa tena, tangu mwanzo, wiki tatu, huku Mama akihesabu siku zake kwa tasbihi aliyoitundika ukutani. Safari hii nilingoja. Nilingoja siku saba, nikaongeza tatu, na asubuhi ya kumi na moja Bi Mishi alilaza shavu lake ubaoni, akafumba macho, akasema sasa. Hatukupaka sifa tena isipokuwa ncha za boriti zilizo nje. Mbao tulizipaka uto wa simsim, kidogo kidogo kwa kitambaa, na kilichozidi tukakifuta. Vyungu vya Mama vikapandishwa juu ya matofali, upepo upite chini yake. Haraka haraka haina baraka, niliimba hiyo chuo cha Kurani tangu mdogo, lakini nimeijua kwa magoti yangu.

Ikabaki ule ubao wa tatu. Shimo la mguu wa Ami lilikuwa pale pale, tumelifunika kwa mkeka. Mbao ya msaji hatukuwa nayo, na ya kuagiza ingepita kwa Ami, naye angesema hapana. Siku kumi kabla ya eda kwisha, Mama aliniita chumbani. Alikuwa ameketi chini, na nguo zake zote zimepangwa kitandani: kanga, leso za hariri, shela yake ya arusi. Kasha lilikuwa tupu. Kasha hilo alikuja nalo kutoka kwao, nalo alipewa na mama yake, msaji mtupu, na kifuniko chake kimepigwa misumari ya shaba kwa maua matatu.

"Kiondoeni kifuniko," akasema.

"Mama, hili ni la nyanya."

"Nalijua ni la nani. Nguo zaweza kukaa wazi. Mimi siwezi kukaa gizani."

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu alichukua nyundo mwenyewe, akatoa bawaba. Bi Mishi alikipima kifuniko kwa mkono, kikapita kwa vidole viwili, tukakikata, tukaung'oa ule ubao uliokufa. Upande wa ndani ulikuwa laini, ndio tukaulaza juu. Upande wa maua ukaangalia njia. Bi Mishi aling'oa misumari iliyokuwa ikigusa boriti, akatoboa kwa keekee ya marehemu mumewe, na mimi nikagonga. Kila nilipopiga nyundo nilimtaja mtu moyoni, na simtaji hapa.

Siku ya kutoka edani Mama alikogeshwa asubuhi, akavaa kanga mpya, akapakwa wanja, na chumba kikajaa wanawake na tambuu na halua. Shiraa tuliishusha. Tulikuwa bado tunakula mara tukasikia ngazi ikiegemezwa ukutani. Ami Salim hakuweza kupanda juu, wanawake wa watu wamejaa, kwa hivyo alisimama njiani na fundi wake, mbele ya baraza lake lote, akaita.

"Shemeji, hongera kwa kumaliza. Watoe watu roshanini. Fundi yupo."

Mama aliinuka, akajifunika, akatoka roshanini, akaketi. Ubao wa tatu. Sauti ya mama yangu njia ile haikuwa imewahi kuisikia.

"Fundi, panda kwanza utazame kwa chini."

Fundi akamtazama Ami, Ami akapunga mkono. Akapanda, akagonga kwa kifundo, akasukuma patasi yake huku na huku. Patasi ilikataa. "Bwana, mbao nzima hizi," akasema.

"Nzima wapi? Ya tatu niliivunja mimi kwa mguu wangu." Akakisikia mwenyewe alichosema, mbele ya watu. Miezi minne hakuna aliyethubutu kuutaja mguu ule.

"Ya tatu si ubao, bwana," akasema fundi polepole. "Ni kifuniko cha kasha."

Ami Salim akainua macho. Nilikuwa nyuma ya matundu, nilimwona uso. Alilijua kasha lile, lilipita mabegani mwa watu siku ya arusi ya ndugu yake, na yeye alikuwa mmoja wa walioshika.

"Shemeji," akasema Mama, "nyumba ni ya urithi na wewe u mwangalizi wake, sikatai. Lakini kasha nilikuja nalo. Si la marehemu na si lako. Fundi, wataka kulivunja kasha la mwanamke naye amelikalia?"

Fundi akashuka kidato kidato. "Mimi navunja nyumba, bwana," akasema, akiweka patasi mkobani. "Kasha la mtu sivunji." Akabeba ngazi yake akaenda.

Ami alibaki amesimama. Mama akaniambia nilete chetezo. Nikaleta, udi umeshika, nikakiweka sakafuni kando yake. Moshi ukaingia kwenye nyufa nilizozichokoa kwa kijiti, ukamshukia Ami Salim kofiani na mabegani. Methali yake ya ubani aliikumbuka mwenyewe, kwa sababu aliinamisha kichwa, akaokota bakora yake, akaingia msikitini ingawa saa ya sala haijafika.

Mama aliketi pale miaka ishirini na tisa zaidi. Nguo zake ziliwekwa katika kasha lisilo na kifuniko mpaka kufa kwake, limefunikwa shiraa. Na kila masika yakiisha nimekwenda nyumba ile na makumbi yangu na uto wangu, nikiwa mke, nikiwa mama, nikiwa mjane mwenyewe, na nimengoja siku zangu kumi.

Kwa hivyo siku ile ya hitima ya Hemedi, Fadhili alipomaliza kumsifu babu yake, nilifungua kidirisha cha matundu. Nikatoa uso wangu wote nje, uzee hauna utawa.

"Fadhili, mwanangu," nikamwita. "Toka barazani, simama njiani. Hapo. Sasa inua macho, uhesabu mbao kutoka ukutani."

Alihesabu kwa kidole. Moja, mbili. Kwenye ya tatu kidole kikasimama. Amezaliwa njia hiyo, amepita chini ya maua yale maisha yake yote, na alikuwa hajapata kuyaona. Mgeni naye akainua uso, akauliza, "Hii misumari ya shaba ya nini?"

Fadhili akanitazama. Mimi sikufunga kidirisha.

"Mjibu," nikamwambia. "Mgeni akungoja."